Shemeji, Baiskeli Inarudi Ila Ina Maneno

Shemeji,

Najua umeiona baiskeli yako kwenye ile picha, kichwa chini miguu juu, na sisi watano tumeizunguka kama waliofiwa. Umepiga simu mara tatu sijapokea. Basi nakuandikia hapa hadharani, maana mbele ya watu utaona haya kunitukana.

Uliniazima kwa masharti mawili: nisiguse upepo wa matairi, na mteremkoni nisining'inie kwenye breki. Yote mawili niliyavunja siku ya kwanza ya mapumziko, kabla ya saa sita mchana.

Tuanze na upepo. Mmoja wetu, yule anayejua kila kitu, alisema tairi likilegezwa kidogo linashika vizuri kwenye kokoto. Hakudanganya. Linatandaa chini, halitelezi ovyo. Lakini alisema "kidogo", na mimi niliuachia upepo shiiii mpaka roho ikaridhika. Hatukufika mbali, nikapanda juu ya jiwe lenye ncha, ringi ikalia ko! Tulipoivua tyubu tukakuta matundu mawili sambamba, utadhani imeumwa na nyoka. Ilibanwa kati ya jiwe na kingo za ringi, ikatoboka huku na huku. Nikasugua kwa msasa, nikapaka sulusheni, nikabandika kiraka ingali mbichi kwa sababu wenzangu walikuwa wananitazama. Kikabanduka. Mara ya pili nikahesabu hadi mia mbili kwa sauti, nao wakaniitikia kama watoto wa chekechea.

Sasa breki. Uliwahi kunisimulia wale vijana wa California wa miaka ya 1970, walioshindana kushuka mlima na baiskeli nzito za kizamani hadi grisi ndani ya habu ya nyuma, yaani kitovu cha gurudumu palipokuwa na breki, inaungua na kutoa moshi. Wakifika chini inabidi waijaze upya, na mteremko wenyewe ukaitwa Repack, yaani "jaza upya", kwa sababu hiyo. Nilidhani unatia chumvi. Shemeji, harufu yenyewe nimeinusa. Nilibana breki toka juu bila kuachia, diski ikapiga kelele mpaka ndege wakahama. Wenzangu walibana, wakaachia, wakabana tena, wamesimama juu ya pedali, magoti yamelegea, macho wameyatupa mbali mbele. Mimi macho yangu yalikuwa kwenye jiwe moja tu, na jiwe ukilikodolea ndilo utakaloliparamia. Hapo ndipo ringi ilipopinda. Mimi nimechubuka kiwiko tu, ahsante kwa kutouliza.

Siku ya pili tukapanda mlima kwa miguu. Yule mjuzi wetu akatoa hesabu ya Naismith, Mskoti mmoja aliyeiweka mwaka 1892: saa moja kwa kila kilomita 5, na saa moja zaidi kwa kila mita 600 za kupanda. Njia yetu ilikuwa kilomita 10 na mita 900 za kupanda, yaani saa tatu na nusu. Tulitumia sita. Hesabu ya mzee haikuwa na nafasi ya mtu anayepiga picha kila kona, wala ya mwenye viatu vipya. (Mwenye viatu vipya ni mimi, visigino vyote viwili.) Na ajabu ni kwamba kupanda hakukuniumiza sana. Kushuka ndiko kulikonimaliza, kwa sababu kila hatua paja linavutwa huku likijitahidi kukuzuia usiporomoke. Leo siku ya tatu, ngazi nazishuka kinyumenyume.

Spoku nimezikaza moja moja na ringi imekaribia kunyooka. Ukiizungusha bado inacheza upande mmoja, kwa hiyo usiizungushe. Jumamosi naileta. Ile pampu ndogo uliyoifunga chini ya kiti, hiyo tutaongea dada akiwepo.