Kazi ya bushi haijaisha bila alaimenti

Mhariri,

Naomba nafasi niwasihi mafundi na wenye magari wa hapa Dodoma wasihesabu kazi ya bushi (vipande vya mpira kwenye maungio ya chini ya gari), shokapu au boljointi (kiungo cha mviringo kinachoruhusu gurudumu kugeuka) kuwa imekwisha kabla magurudumu hayajapimwa alaimenti, yaani kama yamekaa katika pembe zake sahihi. Gari likitoka gereji linavuta kushoto katika barabara iliyonyooka ya Manyoni, wengi hulaumu tairi. Huenda ni kweli, na njia ya kuhakikisha ni rahisi: badilishaneni tairi za mbele, ya kulia iende kushoto; mvuto ukihama upande, tairi ndiyo yenye kasoro, na usipohama, tafuteni kwenye pembe za magurudumu au breki inayoshika.

Linaloniumiza zaidi ni nati za bushi za mpira kukazwa kabisa gari likiwa linaning'inia juu ya jeki. Likishushwa, mpira hubaki umejipinda muda wote na bushi mpya huchanika mapema. Nati zikazwe mwisho, magurudumu yakiwa yamebeba uzito. Wala mashine ya alaimenti haisaidii ikiwa tairodi (fimbo ya usukani inayogeuza magurudumu) inacheza, kwa kuwa vipimo havitakaa. Mteja adai karatasi ya vipimo, vya kabla na vya baada.

Msomaji wenu,
Nkuhungu, Dodoma