Kwa nini tunakuketisha kwenye pikipiki kabla ya kukuuzia jaketi lenye kinga

Malalamiko yanayotufikia mara nyingi zaidi hapa dukani ni ya mteja aliyelipa fedha nyingi kwa jaketi lenye kinga za mabega, viwiko na mgongo, akalivaa siku chache katika joto la Dar es Salaam, kisha akalirudisha akisema kwamba linabana, linamchoma, na kwamba jaketi linalofanana nalo kabisa linauzwa Kariakoo kwa nusu ya bei. Hivi karibuni mteja mmoja alituambia mbele ya wateja wengine kwamba anaona ametapeliwa. Neno hilo ni zito kwa duka linalotoa risiti kwa kila linachouza, na kwa kuwa si yeye peke yake mwenye dukuduku hilo, tumeona ni haki kueleza kwa urefu jinsi kinga hizi zinavyopaswa kukaa mwilini na kile ambacho mteja analipia.

Tulipomwomba mteja huyo alivae jaketi lake na kuketi kwenye pikipiki tunayoiweka dukani kwa kazi hiyo, sababu ya maumivu yake ilionekana mara moja. Siku ya kununua alikuwa amesisitiza kuchukua saizi moja juu ya ile tuliyompendekezea, akiamini kwamba nafasi iliyobaki ingepitisha hewa. Mikono ilipofika kwenye usukani, kinga ya kiwiko ilikuwa imezunguka na kushuka, na ukingo wake ulikuwa ukisugua mfupa kila alipokata kona. Kwa kuwa iliumiza, alikuwa ameitoa na kuiacha nyumbani, kwa hiyo alibeba joto lote la jaketi huku viwiko vyake vikiwa havina kitu. Tulimbadilishia akachukua saizi yake halisi, tukakaza mikanda midogo ya mikononi, na tangu siku hiyo anaendesha akiwa na kinga zake zote.

Kinga ikikaa mahali pake, mwendeshaji huisahau baada ya muda mfupi. Ikiwa inaumiza, karibu kila mara imekaa mahali pasipo pake, na kinga iliyohama wakati umeketi itahama zaidi wakati unaburuzika kwenye lami. Hii ndiyo sababu hatukubali kipimo cha kusimama mbele ya kioo. Mtu akisimama wima, karibu kila jaketi humkaa vizuri. Akiinama na kunyoosha mikono, mikono ya jaketi hupanda, mgongo huvutika na kola husogea. Tunamketisha, tunamwomba akunje viwiko kama anavyoendesha, kisha tunashika kinga ya kiwiko kwa nje na kujaribu kuizungusha. Ikizunguka kwa urahisi, saizi hiyo haifai. Kinga ya kiwiko inapaswa kufunika ncha ya kiwiko na kuteremka kwenye mfupa wa mkono. Ya goti ifunike goti lililokunjwa na sehemu ya juu ya ugoko. Ya mgongo ianzie karibu na kiuno na kufika kwenye makombe ya mabega bila kugonga kofia ngumu mtu anapoinua kichwa. Kwa wanawake tunatazama pia kifua. Dada mmoja anayesambaza vyakula alikuwa ameacha kabisa kuvaa kinga ya kifua kwa sababu aliyouziwa kwingine ilikuwa ya kipande kimoja bapa. Alipopata ya vipande viwili, maumivu yalikwisha. Shughuli hii yote huchukua muda, na wapo wanaoondoka wakinung'unika kwamba tunawachelewesha, lakini hatutaiacha.

Joto ni suala la kweli, na hatumlaumu mtu anayelitaja. Jaketi zito jeusi lenye bitana ya mvua halifai kwa mtu anayekaa kwenye foleni ya Ubungo saa nane mchana, hata kama kinga zake ni bora kuliko zote. Kwa Dar es Salaam, Tanga au Mombasa tunapendekeza jaketi la kitambaa cha wavu kifuani na mikononi, lenye kitambaa kigumu mabegani na viwikoni, ambako mwili hugusa lami kwanza. Kwa anayeendesha safari fupi fupi kutwa nzima, ipo fulana ya wavu inayobana mwili, yenye kinga zote ndani yake, ambayo huvaliwa chini ya shati la kawaida. Kwa kuwa inabana, kinga hazihami kwa urahisi. Kasoro yake ni kwamba wavu huo haukuundwa kustahimili msuguano, kwa hiyo nguo ya juu inapaswa kuwa imara, na tunalisema hilo kabla ya kupokea fedha.

Kuna pia desturi ya waendesha bodaboda wengi ya kuvaa jaketi kinyume, zipu ikiwa mgongoni, ili upepo usiwapige kifuani. Kwa jaketi la kawaida hilo halina tatizo kubwa. Kwa jaketi lenye kinga, ya mgongo huhamia kifuani na kumkaba mtu shingoni anapoketi, na za viwiko huishia upande wa ndani wa mkono, mahali ambapo kiwiko hakigongi kamwe. Kijana mmoja alitulalamikia kwa uchungu kwamba jaketi letu linamkaba, na lilikuwa likimkaba kweli, kwa sababu hiyo. Tulimpa koti jepesi la mvua la kuvaa juu ya jaketi lake asubuhi na kulivua jua linapopanda.

Mteja mwingine alirudi kutoka safari ya Mbeya akiwa na malalamiko tofauti, kwamba kinga laini tulizomuuzia ziligeuka kuwa ngumu kama ubao alfajiri alipoondoka Makambako. Kinga za aina hiyo hulainika kwa joto la mwili na kukakamaa kwenye baridi, na hurudi kuwa laini baada ya kuvaliwa kwa muda. Dawa yake ni kulala na jaketi ndani ya chumba, si kuliacha limefungwa kwenye pikipiki nje. Kwa wakazi wa pwani hofu ni ya upande wa pili, yaani kinga inayolainika kupita kiasi juani, na kwao tunatafuta zenye alama ya T+, inayoonyesha kwamba zilijaribiwa zikiwa na joto la nyuzi 40 na bado zikafaulu.

Hapo ndipo tofauti ya bei inapoanza kueleweka. Kinga ya kweli ina maandishi yaliyochapwa juu yake yenyewe: EN 1621-1 kwa viungo vya mwili, EN 1621-2 kwa mgongo, pamoja na daraja lake. Katika majaribio ya viwango hivyo vya Ulaya, chuma cha kilo 5 huangushwa juu ya kinga kwa nishati ya jouli 50, ambayo ni sawa na kukiangusha kutoka kimo cha takriban mita 1, kisha hupimwa nguvu inayopenya hadi upande wa pili. Kwa viungo, wastani wa nguvu hiyo usizidi kilonyutoni 35 kwa Daraja la 1, na 20 kwa Daraja la 2, ambalo hukinga zaidi. Kwa mgongo, usizidi 18 na 9. Majaketi mengi ya bei nafuu yana alama hizo mabegani na viwikoni, lakini mfuko wa mgongoni una sponji nyembamba isiyo na maandishi yoyote. Sponji hiyo imewekwa kujaza nafasi tu. Tunawaambia wateja waitoe na kuweka kinga halisi, nayo huuzwa peke yake, na wengi hudhani hapo ndipo tunapowaongezea bei kwa hila. Tunaomba mteja afungue mfuko huo mwenyewe, hapa au popote anaponunua, na asome.

Njia ya mkato tunayoiona zaidi ni kununua jaketi la mtumba ambalo kinga zake zimekwisha kutolewa, kisha kukata kipande cha godoro na kukisokomeza mfukoni. Godoro hubonyea hadi mwisho kwa kidole gumba. Kiwiko kikigonga ukingo wa barabara, ni kana kwamba hapakuwa na kitu. Mteja mmoja aliyefanya hivyo aliteleza kwenye mchanga kwa mwendo mdogo tu, na gharama ya kutibu kiwiko ilizidi kwa mbali bei ya jozi ya kinga aliyoiona ghali. Mtumba wenyewe si mbaya, na kuna majaketi mazuri sana katika marobota, ila leta tulikague: kinga iliyozeeka hupasuka na kumeguka ikikunjwa, na mishono iliyooza hufumuka kwanza.

Vilevile, usimpelekee fundi cherehani jaketi lenye kinga alipunguze mikono kabla hatujaliona. Akikata mkono, mfuko wa kinga hupanda juu ya kiwiko, na tumepokea majaketi ya namna hiyo ambayo hayakuwezekana kurekebishwa kwa gharama yenye maana. Sisi huhamisha mfuko kwanza, ndipo tunapunguza mkono.

Bei tunazotaja zimejumuisha Kodi ya Ongezeko la Thamani, kipimo cha dukani, na marekebisho ya mikanda na mifuko ndani ya mwezi wa kwanza. Kabla ya kufua, toa kinga zote, zifute kwa kitambaa chenye maji na sabuni kidogo, uzianike kivulini. Petroli na pasi huziharibu. Ukianguka na kinga ikapata kishindo kikubwa, ilete dukani hata kama haina ufa unaoonekana, nasi tutaikagua bila malipo na kukuuzia kipande hicho kimoja ikiwa kinahitaji kubadilishwa, bila kukulazimisha kununua jaketi zima.