Barua kwa vijana waliozaliwa katika nyumba za dini

Wanangu,

Nawaandikia ninyi wana na wajukuu wa masheikh, maaskofu na wachungaji, ambao mkiingia ibadani watu husogea wawapishe kabla hawajajua mna elimu gani. Nami nililelewa katika heshima ya namna hiyo, nikaila miaka mingi kama mtu anayekula akiba ya marehemu babu yake, na ndiyo sababu nataka niwasimulie habari za Rabi Abraham Joshua Heschel.

Alizaliwa Warsaw, Poland, mwaka 1907 katika ukoo wa marabi, yaani walimu wa dini ya Kiyahudi, wa Kihasidi (madhehebu ya Kiyahudi yenye uchaji mkubwa) walioheshimiwa Ulaya ya Mashariki kwa vizazi kadhaa. Hata jina lenyewe alirithi kwa mhenga wake, rabi wa mji wa Apt. Akiwa bado mtoto, watu wazima walisimama alipoingia chumbani, wakampandisha juu ya meza wamuulize maswali. Baba yake alifariki mwaka 1916, na kijana huyo angeweza kukalia kiti kilichokuwa kikimngoja, tena bila mtu wa kumlaumu. Badala yake akaenda mji wa Vilna (leo Vilnius, Lithuania) kusoma masomo ya kidunia, kisha Berlin, akaandika tasnifu yake juu ya manabii. Imani ya nyumbani hakuitupa. Alishika Sabato hadi uzeeni.

Ukoo haukumkinga. Mwaka 1938 Wanazi walimkamata na kumfukuza kutoka Ujerumani hadi Poland, na mwaka uliofuata aliondoka Warsaw wiki chache tu kabla Ujerumani haijaivamia Poland. Mama yake na dada zake watatu waliangamia.

Naomba mtazame kwa makini picha ya tarehe 21 Machi 1965, maandamano ya kutoka Selma kwenda Montgomery, huko Alabama, Marekani, kudai haki ya watu Weusi kupiga kura. Heschel yumo mstari wa mbele, ndevu nyeupe, shada la maua shingoni, na kati yake na Martin Luther King yupo Ralph Bunche pekee, mwanadiplomasia Mweusi wa Marekani. Hapo alikuwa profesa katika seminari ya Kiyahudi ya New York, mtu ambaye angeweza kutuma salamu za kuunga mkono akabaki na vitabu vyake (sisi wa nyumba kubwa ni hodari sana wa kutuma salamu). Baadaye aliandika kwamba alihisi miguu yake ikisali. Alipopinga pia vita vya Vietnam, wapo Wayahudi wenzake walioona anavuka mipaka, naye hakurudi nyuma.

Basi kabla hamjapokea kiti mnachowekewa mbele, niambieni ni nani asiye wa ukoo wenu, wala wa dini yenu, aliyekwisha kualikwa kula mezani kwenu. Aprili 1968 King alitarajiwa nyumbani kwa akina Heschel kwa mlo wa Pasaka ya Kiyahudi. Aliuawa tarehe 4, siku chache kabla ya mlo huo.

Mzee wenu