Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Chama cha Wakusanyaji Madini

Ndugu wanachama,

Kama katiba yetu inavyotaka, nawasilisha taarifa ya kazi za mwaka unaoisha. Yale mnayoyajua nitayapita haraka, kwa sababu lipo jambo moja lililosemwa sana pembeni na kidogo mno kikaoni, na leo nataka lisemwe hapa: vielelezo 5 vya chama vilivyotupwa, na barua ya malalamiko iliyoandikwa dhidi yangu kwa ajili hiyo.

Tumekuwa na vikao 5, safari 2 za machimboni, mafunzo 3 na siku 1 ya kubadilishana vielelezo. Safari ya kwanza ilitupatia pairiti ndogondogo, yale madini yanayong'aa kama dhahabu, zilizokaa kwenye kwatsi. Ya pili ilitupatia matope. Kwenye mafunzo tulirudia yale ya kila mwaka: pairiti ina ugumu wa 6 hadi 6.5 na hukwaruza kioo, wakati kalkopiriti, madini ya shaba yanayofanana nayo, hukwaruzwa na kisu. Ukiisugua pairiti kwenye kigae kisichopakwa rangi huacha alama nyeusi yenye ukijani, dhahabu huacha ya njano. Vielelezo vipya vimeingia 9, kikiwemo kizuri sana cha Huanzala, Peru. Cha kumi nilikirudisha mimi mwenyewe kwa muuzaji. Kilikuwa mchemraba wa Navajún, Hispania, uliosemekana haujawahi kutoka kwenye mwamba wake, lakini chini ya taa ya urujuanimno ukingo wa kitako chake ulimeremeta weupe wenye ubuluu. Gundi hiyo. Michemraba ya Navajún hung'oka kirahisi kwenye mwamba wake laini, na kuirudishia kwa gundi si dhambi, mradi lebo iseme hivyo. Lebo haikusema.

Sasa droo ya tatu.

Mwezi wa tano kipimaunyevu cha chumba cha makabati kilisoma asilimia 68, na daftari linaonyesha hakikuwa kimesomwa na mtu kwa wiki 7 kabla ya hapo. Nilipovuta droo ya tatu nilipokewa na harufu ya kiberiti. Chini ya diski moja ya pairiti ya Sparta, Illinois, zile ambazo wengi wetu tunaziita "jua", kulikuwa na unga mweupe wenye umanjano. Sahani ya kadibodi ilikuwa imelika hadi tundu, na lebo ya mkono wa mwanachama mwanzilishi ilikuwa ya kahawia na ikakatika nilipoishika. Jiwe la jirani lilikuwa kalsiti, halina hatia yoyote, lakini upande unaoelekea diski ulikuwa umepoteza mng'ao na umeota sindano fupi za jasi. Asidi haikuishia kwenye jiwe lililoizaa.

Siku hiyohiyo nikaamua kutoa vielelezo vyote 214 na kuvikagua kimoja kimoja kwa lenzi ya mara 10. Vilivyoonyesha dalili vilikuwa 19. Katika hivyo 14 vimeokolewa, na 5 vimetupwa: diski 2, tonge 2 za makasiti (ndugu wa pairiti, nayo ni chuma na salfa) na kipande 1 cha pairiti ya chembe laini kilichovunjika mkononi. Picha na lebo za vyote 5 zimehifadhiwa. Huo ndio "uharibifu wa mali ya chama" ninaosikia ukitajwa.

Hoja ya kwanza dhidi yangu ni kwamba ningengoja kikao. Pairiti ni chuma na salfa. Ikipata oksijeni na unyevu hubadilika kuwa chumvi za salfeti ya chuma pamoja na asidi ya salfuriki, na chumvi hizo huhitaji nafasi kubwa kuliko pairiti iliyozizaa. Kwa hiyo hupanua nyufa kwa ndani, nyufa zikaingiza unyevu zaidi, kazi ikaendelea. Unyevu wa hewa ukizidi asilimia 60 mwendo huwa wa kasi. Kikao kilichokuwa karibu kilikuwa wiki 6 mbele, na kama ilivyotokea, akidi haikutimia. Mngenipa ruhusa gani kwa viti vitupu?

Ya pili: kwa nini sikupaka vanishi kama ilivyofanywa zamani. Diski moja kati ya zile mbili ilikuwa imepakwa vanishi. Nilipoigusa kwa brashi, ganda la vanishi lilibaki limesimama kama ganda la yai, ndani unga mtupu. Vanishi hupitisha mvuke na oksijeni polepole, na asidi ambayo tayari iko ndani haiendi popote. Aliyependekeza dawa ya kuua vijidudu naye namjibu hapa: bakteria wanaolaumiwa huhitaji unyevu wa karibu asilimia 95 ili wafanye kazi. Chumba chetu hakijawahi kufika huko. Hii ni kemia tu.

Ya tatu, kwamba maji na magadi yangetosha. Magadi huzima asidi iliyo juu, hilo kweli. Lakini maji yakishaingia kwenye nyufa za jiwe la chembe laini hayatoki kwa kufuta na kitambaa, na unakuwa umelinywesha kile kile kinacholiua. Fuwele nzima, iliyoshikana, yenye nyuso laini, unaweza kuiosha haraka, ukaisuuza kwa spiriti na kuikausha palepale. Diski na makasiti, hapana.

Tulichofanya ni hiki, ili kumbukumbu ziwe sahihi. Unga wote uliondolewa kwa brashi kavu, dirisha likiwa wazi. Kielelezo kikawekwa juu ya wavu wa plastiki ndani ya boksi la plastiki lenye kifuniko cha kubana, na chini ya wavu kibakuli cha maji ya amonia yaliyochanganywa na polietilini glaikoli 400. Glaikoli inashika maji ili unyevu ndani ya boksi usipande; ukiweka amonia peke yake unatibu kwa mkono mmoja na kuharibu kwa mwingine. Mvuke wa amonia huzima asidi, na sehemu iliyooza hugeuka kahawia yenye wekundu. Rangi ikiacha kubadilika, kazi imekwisha. Jiwe linatoka, linapigwa brashi tena, linakaushwa. Glavu na miwani ni lazima, na usiinamie boksi unapofungua. Kielelezo kimoja chenye malakiti hatukukipitisha humo kabisa, kwa kuwa amonia hula madini ya shaba. Hicho kimekaushwa tu. Na nisisitize kwamba amonia hairudishi kilichopotea. Michirizi iliyokwisha kulika kwenye uso wa fuwele haiwezi kurudi.

Vyote 14 sasa viko kwenye maboksi yaliyofungwa, kila kimoja na jeli ya silika, yaani chembe zinazonyonya unyevu, na kadi ya kupimia unyevu, shabaha ikiwa chini ya asilimia 40. Jeli ya rangi ya chungwa ikigeuka kijani imeshiba. Inakaushwa kwenye oveni yenye nyuzi 110 hivi za Selsiasi na kurudishwa. Ikiachwa imeshiba haisaidii kitu, ni mapambo.

Wapo waliouliza kwa nini michemraba ya Navajún na zile za Rio Marina za kisiwa cha Elba zimeachwa kabatini kama kawaida, wakidhani nimependelea mawe niliyoyaleta mimi. Ni kweli mawili niliyaleta mimi. Yameachwa kwa sababu ni fuwele kubwa zilizoshikana, hazina uso mwingi wa kushambuliwa, na chini ya lenzi hazina hata doa. Anayetilia shaka aje na lenzi yake.

Mahudhurio. Daftari lina wanachama 64. Akidi ni 20. Vikao 5 vilipata watu 26, 22, 11, 14 na 9. Siku ya kubadilishana walikuja 51, na chai iliisha. Siku ya ukaguzi wa droo tulikuwa 3, katibu, mwanachama mmoja na mimi, tangu asubuhi hadi giza. Barua ya malalamiko ina sahihi 8, na hakuna hata moja kati ya hizo iliyo kwenye karatasi ya mahudhurio ya siku hiyo.

Ada nayo: 27 wamelipa, 37 hawajalipa, 12 kati yao kwa mwaka wa pili. Maboksi, jeli na kipimaunyevu kipya nilivinunua kwa fedha yangu na sijadai kurudishiwa. Ada za watu 6 tu zingetosha. Mhazini atasoma hesabu zenyewe, na ameombwa asisome majina. Mimi nilipendekeza yasomwe.

Kuhusu mwaka ujao, tunatarajia kupata mashine ya kupunguza unyevu hali ikiruhusu, kufanya safari nyingine mahali pakavu zaidi, na kuanza zamu ya kusoma kipimaunyevu kila Jumamosi. Karatasi ya zamu iko mezani karibu na mlango. Hadi naandika taarifa hii ina majina mawili, na mojawapo ni langu.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti