Maji ya mvua: aliyesakafia zaidi alipe zaidi

Ndugu Mhariri,

Kila masika wasomaji wa Tanga hulalamikia mitaro, na wana haki. Naomba nafasi nizungumzie jambo ambalo malalamiko yetu hulipita upesi: nani alipie kazi ya kuzibua, kukarabati na kupanua mitaro hiyo, na alipe kwa kipimo gani. Mimi ni mwenye nyumba Ngamiani. Niko tayari kulipa, ila kwa haki.

Tuanze na hesabu ambayo fundi yeyote wa matangi anaijua. Mvua ya milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Paa la bati la mita za mraba 100 likipata mvua ya milimita 50 usiku mmoja, humwaga lita 5,000. Yadi ya malori iliyomwagwa zege hekta nzima, kwa mvua ileile, humwaga lita 500,000. Kiwanja cha ukubwa huohuo kilichoachwa na minazi yake na nyasi zake hunywa sehemu kubwa ya maji hayo kabla hayajafika barabarani. Basi mzigo wa mtaro hautegemei thamani ya nyumba wala idadi ya watu waliomo. Unategemea ukubwa wa eneo gumu, yaani bati, zege, lami na peving (matofali ya kusakafia uwanja).

Sasa tazama tunavyotozwa leo. Kodi ya majengo inakatwa kwenye LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla: tangu 2023 nyumba ya kawaida ni shilingi 1,500 kwa mwezi, sawa na 18,000 kwa mwaka, na jengo la ghorofa mijini ni 90,000 kwa mwaka kwa kila ghorofa. Ni rahisi kukusanya, sikatai. Lakini jengo la ghorofa nne juu ya kiwanja kidogo linafika 360,000, huku ghala pana lisilo na ghorofa, lenye yadi ya zege pande zote, likibaki kwenye kiwango cha nyumba ya kawaida. Kwa upande wa maji ya mvua mambo ni kinyume: jengo refu lina paa moja tu, na ghala ndilo linalofurika barabarani. Kodi ya majengo haikutungwa kwa ajili ya mitaro, kwa hiyo siilaumu. Ninachosema ni kwamba ikija siku Jiji letu likataka tozo ya maji ya mvua, lisichukue njia hiyohiyo ya kiwango kimoja kwa kila mlango.

Ziko nchi zilizokwisha kupita huku. Mji wa Bellevue, jimbo la Washington huko Marekani, ulianzisha tozo ya maji ya mvua mwaka 1974, na miji mingi ya nchi hiyo ikafuata. Utaratibu unaotumika sana ni huu. Jiji hupima eneo gumu la nyumba ya wastani na kuliita kipimo kimoja. Tuchukulie ni mita za mraba 150. Mwenye nyumba ya kuishi hulipa kipimo kimoja, basi. Mwenye duka kubwa, kiwanda au maegesho hupimwa kwa picha za angani: akikutwa na mita za mraba 9,000, analipa vipimo 60. Ankara humfikia mwenye mali, mara nyingi pamoja na bili ya maji, na fedha huingia kwenye mfuko wake wenyewe ambao hauruhusiwi kununua magari ya ofisi.

Kisa cha Philadelphia, mji mwingine wa Marekani, kinafundisha zaidi. Zamani wenye majengo ya biashara walitozwa maji ya mvua kwa kufuata ukubwa wa mita yao ya maji safi. Matokeo yake, uwanja wa maegesho usio na bomba hata moja haukulipa kitu, ingawa kila tone lililoangukia juu yake lilikwenda mtaroni, na jengo linalotumia maji mengi bombani lilibeba mzigo usio wake. Kuanzia 2010 mji ukahama taratibu, kwa miaka minne, kwenda kwenye kipimo cha ardhi na eneo gumu. Bili za baadhi ya watu zilipanda sana na za wengine zikashuka. Kelele zilikuwapo, bila shaka, lakini kila mtu aliweza kuonyeshwa ramani ya kiwanja chake na kuelewa kwa nini.

Jambo jingine ninalolipenda katika utaratibu huu ni punguzo. Mjini Washington, D.C., mji mkuu wa Marekani, mwenye mali anayezuia maji kwake, kwa tangi la kuvunia mvua, bustani ya kunyonya maji au sakafu inayopitisha maji, anaweza kupunguziwa hadi asilimia 55 ya tozo ya maji ya mvua ya jiji. Hapo ndipo tozo inapoacha kuwa adhabu. Hapa kwetu siku hizi mtu akimaliza kujenga anataka uwanja mzima uwe peving, hata chini ya mwembe, na mwembe wenyewe unakatwa kwa kuwa unachafua. Ni uamuzi wake, lakini maji aliyoyakataa uwanjani kwake yanaingia sebuleni kwa jirani wa chini. Tukimwambia, "Acha robo ya uwanja iwe udongo, au weka tangi la lita 5,000, nasi tutakupunguzia," wengi watafanya hesabu wenyewe.

Kuhusu taasisi. Najua swali litaulizwa: misikiti, makanisa, shule, ofisi za serikali? Kule Marekani miji mingi huzitoza zote, kwa hoja kwamba hii ni malipo ya huduma, na paa la nyumba ya ibada humwaga maji sawa na paa jingine. Hata serikali kuu yao ilibishana kuhusu kulipa, mpaka sheria ikapitishwa mwanzoni mwa 2011 kwamba majengo yake yalipe. Ningependa tuwe na moyo huohuo. Nyumba za ibada zipewe punguzo kubwa, sawa, lakini ofisi ya umma yenye uwanja wa lami isisamehewe halafu bibi wa kata ya Mabawa mwenye vyumba viwili akafuatwa.

Huyo bibi ndiye ninayemhofia zaidi. Nyumba ndogo chini ya ukubwa fulani ziondolewe kabisa. Hasara kwa mfuko naona haitakuwa kubwa, kwa sababu bati la nyumba kama hiyo ni dogo sana likilinganishwa na yadi kubwa. Na tozo isiingizwe kwenye LUKU. Anayenunua umeme mara nyingi ni mpangaji, naye hakumwaga zege wala hana mamlaka ya kulivunja. Ankara iende kwa mwenye mali, kwa jina lake na namba ya nyumba. Operesheni ya anwani za makazi ya 2022 ilishatupatia namba za nyumba na majina ya mitaa, kwa hiyo tusiambiwe kwamba haiwezekani kujua nani yuko wapi.

Kisheria mlango upo. Halmashauri ina uwezo wa kutunga sheria ndogo za ada na ushuru chini ya Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Sura ya 290. Lakini tahadhari. Mwaka 1998 Mahakama ya Juu ya jimbo la Michigan iliifuta tozo ya mji wa Lansing kwa kuona kwamba ni kodi iliyoitwa tozo, na kodi hiyo ilipaswa kupigiwa kura na wananchi kwanza. Sheria zetu ni tofauti, ila hoja inatuhusu: fedha lazima irudi kwa anayelipa kama huduma inayoonekana. Miradi mikubwa, kama ule wa Miji Mkakati ambao Tanga ilikuwamo, hujenga barabara na mitaro, kisha mradi unakwisha. Kuondoa mchanga na chupa za plastiki kabla ya Machi hakuishi, na kazi hiyo haina mfadhili.

Wenzetu wa Tanga UWASA, mamlaka ya maji ya hapa, walituonyesha mwaka 2024, kwa hatifungani yao ya kijani ya maji (mkopo wanaouchukua kwa wawekezaji kwa ajili ya miradi inayojali mazingira), kwamba watu hutoa fedha zao wakielezwa zinakwenda wapi. Hiyo ni ya maji safi na wanunuzi wake walikuwa wawekezaji, lakini uwazi ndio ninaoutaka hata kwenye mitaro.

Nawaomba madiwani wetu waanze na kata moja tu. Wapime maeneo magumu, wabandike orodha ya vipimo kwenye ofisi ya serikali ya mtaa, wapokee mapingamizi, na kabla ya kudai shilingi ya kwanza watuonyeshe ni mitaro ipi itazibuliwa na tarehe gani.

Mwenye nyumba,
Ngamiani, Tanga