Kile chuma cha kaakaani, na kwanini hatukipunguzi ukituomba

Karibu kila wiki kuna mteja anapiga simu hapa labu tunapotengeneza meno ya bandia, baada ya kujaribishiwa fremu yake na swali ni lile lile, jamani hiki chuma cha kaakaani hamuwezi kukipunguza? Mimi nimetoka magego mawili kulia na mawili kushoto, sasa hili lichuma lote katikati ni la nini? Swali tunalielewa kabisa, na daktari saa nyingine anakuwa na foleni nje hana muda wa kueleza, kwahiyo leo acha tueleze sisi tunaokaa na nta na moto.

Tunaongelea meno ya bandia ya kuvaa na kuvua yenye fremu ya chuma, yale ya plastiki tupu yana habari zake. Chuma chenyewe ni mchanganyiko wa kobalti na kromu, wengi mnaita tu kromu. Fremu ina vipande vingi, kuna kulabu zinazoshika meno, kuna vijiegemeo vinavyokaa juu ya jino ili kitu kizima kisizame kwenye ufizi, alafu kuna hiki kinachogombaniwa, sisi tunakiita kiunganishi kikubwa. Kinatoka upande mmoja wa taya kinafika wa pili. Juu kinapita kaakaani, chini kinapita nyuma ya meno ya mbele upande wa ulimi. Ukitafuna kulia, kushoto nako kunatakiwa kusaidia kubeba, na hakuna kusaidiana kama hicho cha katikati kinapinda. Kikipinda hata kile kidogo ambacho jicho halioni basi mzigo wote unamwangukia jino lililoshikwa na kulabu pamoja na ufizi wa jirani, ni kama mtu anakuja kutingisha nguzo ya uzio wako asubuhi mchana na jioni, itang'oka tu siku moja.

Hili tulijifunza kwa hasara. Miaka kadhaa nyuma mama mmoja aliomba fremu ya juu isiguse kabisa katikati ya kaakaa, alikuwa anatapika kila akiwekewa kitu nyuma, basi daktari akachora umbo la kiatu cha farasi, chuma kinazunguka nyuma ya meno tu na katikati kote wazi. Sisi nasi tukanyamaza tukatengeneza, tena ikatoka nyembamba inang'aa, tukaipiga na picha. Haikupita muda fremu ikarudi. Ufizi nyuma ya meno ya mbele umechubuka, jino la kulabu upande mmoja linacheza. Nikaishika ile fremu kwa ncha zake mbili za nyuma, kidole huku kidole huku, nikavuta taratibu, ncha zikaachana. Kwa vidole! Tukarudia kazi yote kwa gharama yetu, na mama akazoea ile mpya ndani ya wiki mbili hivi, kutapika kulikuwa kwa siku za mwanzo tu. Siku hizi kiatu cha farasi tunakubali pale ambapo kuna nundu ya mfupa katikati ya kaakaa ambayo inaenda nyuma sana na haitakatwa, basi.

Sasa utauliza, kama ni ugumu si muweke chuma kinene kisicho kipana kama msumari? Hapana bwana. Angalia bati la kuezekea. Bati tambarare ukilishika mwisho linanepa lenyewe, likipigwa migongo fundi anatembea juu yake, na bati ni lile lile unene ule ule. Kaakaa lako lina mteremko kwa mbele kisha linakuwa tambarare kwa nyuma, kwahiyo tukipitisha mkanda mmoja mbele na mwingine nyuma, pembeni tukaviunganisha, katikati tukaacha dirisha, ile mikanda inakuwa imekaa kwenye miinuko tofauti na fremu inakakamaa japo chuma ni chembamba. Ndio umbo tunalolipenda kuliko yote kwa mtu aliyepoteza magego pande zote mbili, kundi la kwanza kwenye ule mpangilio wa Kennedy wa 1925 wa kugawa mapengo ya meno. Kama mapengo ni mafupi na yana meno mbele na nyuma, mkanda mmoja katikati unatosha ila hatuushushi chini ya milimita 8 za upana. Na amini usiamini ulimi haulalamikii upana, unalalamikia unene na kona. Chuma kipana chembamba utakisahau, kile kinene kisicho kipana utakilamba mpaka uchoke.

Kingo za fremu ya juu tunaziweka walau milimita 6 mbali na ufizi unaozunguka meno, maana chuma kikiukalia ule ufizi unavimba na uchafu unapata nyumba. Pale ambapo lazima tuuvuke tunavuka moja kwa moja, tusitambae nao. Kuna kitu kingine kwenye ukingo wa fremu ya juu, ukipitisha kidole upande unaogusa kaakaa utahisi kama uzi umeinuka. Huo tumeuweka kwa makusudi, tunachimba kijifereji cha nusu milimita mpaka moja kwenye modeli, ile nakala ya mdomo wako, kabla ya kuweka nta, chuma kikitoka kinabana kaakaa kidogo tu na ngozi ya nyanya na mchicha havipenyi chini yake. Madaktari wetu wapendwa, msiusage! Tumeshapokea fremu mbili zimesagwa pale kwasababu mtu alidhani ni kasoro ya kumwaga chuma.

Taya la chini ni hesabu, na hapa ndipo tunapogombana zaidi na fomu za oda. Mhimili wa chini, yaani kile kiunganishi kikubwa cha taya la chini, una umbo la nusu peasi, mnene kwa chini mwembamba kwa juu, kimo chake kama milimita 5. Juu yake tunaacha milimita 3 hadi kwenye ufizi. Jumla 8. Kama kati ya ufizi na sakafu ya mdomo huna 8, mhimili huo hauingii, tunaweka sahani inayopanda mpaka kwenye migongo ya meno ya mbele. Ni nyingi mdomoni na kusafisha kwake kunataka bidii, ila ni afadhali kuliko mhimili unaochoma chini ya ulimi kila ukimeza mate. Shida ni kwamba trei ya kuchukulia kipimo ikiwa ndefu inasukuma sakafu ya mdomo chini, modeli inatuonyesha milimita 11 wakati mgonjwa ana 7. Kwahiyo daktari mwambie mgonjwa anyanyue ulimi aguse mdomo wa juu, kisha pima kwa kile kijiti chenye alama za milimita nyuma ya meno matatu manne, tuandikie namba. Huku chini hatuweki ule uzi ulioinuka, tunafanya kinyume, tunaacha kijinafasi chembamba kwa nta ili chuma kisisugue.

Viunganishi vidogo, vile vinavyopanda kutoka kwenye kikubwa kwenda kwenye kulabu, hivi mteja havioni sana. Tunavificha katikati ya meno mawili, tunavipa walau milimita 5 kimoja hadi kingine, la sivyo nyama inanasa pale kama mtego. Kuna na wavu unaoshika plastiki ya waridi, ule ufizi wa bandia, chini unaenda theluthi mbili za pengo, juu unaenda mpaka mwisho kabisa. Na pale chuma kinapokutana na plastiki mistari ya plastiki kuishia, wa ndani na wa nje, hatuvipanganishi sehemu moja, ukivipanganisha unene unaisha hapo na fremu itakatikia hapo hapo, utairudisha ukisema chuma chetu feki.

Siku ya kujaribisha, fremu ikiwa tupu bila meno, bonyeza kwa kidole upande mmoja. Ikiinuka upande wa pili, mwambie daktari airudishe. Chuma kikipoa baada ya kumwagwa kinasinyaa asilimia 2 na ushee, tunafidia kwenye udongo wa kumwagia ila kuna siku hesabu inakataa. Usikubali mtu aikunje kwa koleo ili itulie, na wewe usiing'ate kwa nguvu eti itakaa. Inarudi kwetu, tunachukua kipimo kipya, tunamwaga upya, hiyo hatukutozi.