Mlango wa taksibasi unatushusha katikati ya barabara

Bwana Mhariri,

Makala yenu ya juma lililopita kuhusu magari mapya yenye skrini kubwa mbele ya dereva niliisoma yote, maana mimi ni fundi wa umeme wa magari. Mwandishi aliyasifu sana. Naomba nafasi niseme kwamba gari huundwa kwa kumfikiria mtu fulani atakayekaa ndani yake, na sisi wa Lubumbashi hatujafikiriwa bado.

Nianze na mlango. Hiace na Noah nyingi zinazobeba watu hapa kwetu zimetoka Japani. Kule magari hupita kushoto, kwa hiyo mlango wa kuvuta uliwekwa kushoto ili abiria ashukie pembeni, mahali salama. Sisi Kongo tunapita kulia. Mlango uleule uliomlinda abiria wa Japani, hapa unamfungukia katikati ya barabara.

Mwezi uliopita nilikuwa ndani ya taksibasi kwenye barabara ya Kasenga. Mama mmoja alitaka kushuka, mtoto mgongoni. Receveur, yaani kondakta, akavuta mlango, mama akashuka, kisha akageuka kupokea beseni lake la unga kutoka kwa abiria mwenzake. Kugeuka huko kulimpa barabara mgongo, na mgongoni ndipo alipokuwa mtoto. Manseba mmoja, yaani dereva wa pikipiki ya abiria, akapita karibu mno, kioo cha pikipiki yake kikagonga beseni, unga wote ukamwagika. Mtoto hakuguswa, namshukuru Mungu. Lakini watu walimgombeza mama: "Hauangalie?" Alikuwa ameshika kitenge cha mtoto kwa mikono miwili, anatetemeka, hajibu. Angeangaliaje, na gari lenyewe ndilo lililomgeuza hivyo?

Usukani nao ni hivyohivyo. Dereva aliyekaa kulia, akiwa nyuma ya kamyo (lori) kwenye njia ya Likasi, haoni kinachokuja. Anamuuliza abiria wa mbele: "Mama, njia iko wazi?" "Bado, kuko kamyo." Maisha ya watu kumi na zaidi yanategemea macho ya mama ambaye pengine hajawahi kuendesha hata baiskeli. Wenye uwezo huhamishia usukani kushoto. Kazi hizo nimezirekebisha mara nyingi, nikikuta nyaya zimekatwa na kuungwa kwa mkanda tu. Hata zikifanywa vizuri, mlango unabaki kulekule.

Yako mengine madogo. Redio nyingi za magari hayo zinaishia 90 kwenye FM, kwa sababu Japani walitumia masafa ya 76 hadi 90, hivyo mtu hawezi kuisikia Redio Okapi, stesheni iliyo juu ya 90, mpaka nimfungie kifaa cha kubadili masafa. Kuna pia sauti ya mwanamke anayesema Kijapani kila unapowasha gari. Anakumbusha tu kwamba kadi ya kulipia barabara haijaingizwa. Mzee mmoja alinijia na wasiwasi, akidhani anaonywa kuhusu injini. Hilo lilinihuzunisha: siku gari litakapokuwa na onyo la kweli, atalijuaje?

Sasa tunaambiwa skrini ndiyo maendeleo. Mwaka 2022 gazeti la magari la Uswidi, Vi Bilägare, lilipima muda ambao dereva hutumia kufanya kazi chache za kawaida, kama kubadilisha joto la ndani na kutafuta stesheni ya redio, gari likiwa kwenye mwendo wa kilomita 110 kwa saa. Volvo V70 ya mwaka 2005, yenye vitufe vya kubonyeza, ilihitaji sekunde 10. MG Marvel R, gari jipya la skrini, ilihitaji karibu sekunde 45. Na Euro NCAP, wanaopima usalama wa magari Ulaya, wameamua kwamba kuanzia 2026 gari linalotaka alama za juu kabisa liwe na vitufe au vishikizo halisi kwa taa za kugeukia, taa za dharura, vifuta-kioo, honi na wito wa msaada. Huko ni Ulaya, kwenye lami laini. Kwenye mashimo yetu kidole kinalenga kiyoyozi kinaangukia ramani, na dereva ameshaacha kutazama mbele.

Ombi langu ni kwa wenye magari, kisha kwa wakuu wa mji. Ziko Hiace zenye mlango wa kuvuta pande zote mbili, na Noah za tangu 2001 ziko hivyo pia. Unapoagiza gari, taja hilo kwanza kabla ya rangi. Aliye nayo tayari asikubali kiti cha ziada kizibe mlango wa kulia. Nimeona magari mengi yaliyozibwa hivyo kwa ajili ya nauli ya mtu mmoja. Wanaofanya ukaguzi wa magari nao wafungue mlango huo kwa mkono wao na wapite humo.

Wakati tunangojea, receveur ashuke kwanza, asimame nyuma ya mlango akiangalia pikipiki, na mizigo aishushe yeye. Hilo linaweza kuanza kesho asubuhi, kwenye parking ya kwanza.

Fundi wa umeme wa magari,
Katuba, Lubumbashi